Mpokea simu ambaye "hakuwepo": uchambuzi wa kisa kimoja

Niweke jambo moja wazi mapema. Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia kwenye vyumba vya simu za dharura, kwa hiyo hakuna mtu mmoja utakayemnyooshea kidole useme ndo huyu, na kituo hakina jina. Tafiti nitakazozitaja huko mbele ndo za kweli, zina miaka yake na namba zake.

Mhusika ni dada wa miaka thelathini na kitu. Amekalia kiti cha kupokea simu za dharura miaka saba, zamu za saa 12, mchana na usiku kwa kupokezana. Kazi yake ni kupokea simu, kujua aliyepiga yuko wapi, kujua kuna nini, kutuma gari, alafu kubaki kwenye laini akimwelekeza mtu cha kufanya mpaka gari lifike. Wenzake wanamjua kwa sauti yake, yaani huko upande wa pili watu wapige mayowe wanavyotaka, yake haipandi, na wageni wakiletwa kazini wanakalishwa pembeni yake wasikilize.

Ilivyotokea

Saa nane na kitu usiku inaingia simu, ni baba, hata mtaa wake mwenyewe anashindwa kuutaja. Mtoto wake wa miaka miwili kamkuta kwenye maji, hapumui. Dada anahangaika naye mpaka anwani inapatikana, ambulensi inatoka, alafu anaanza kumwelekeza: mlaze chali sakafuni, inua kidevu, mpulizie pumzi, sasa kiganja kimoja katikati ya kifua, kandamiza, hesabu kwa sauti nikusikie. Mwongozo ni mikandamizo 100 mpaka 120 kwa dakika, na kwa kuwa mpokea simu haoni kitu, njia yake ya kujua kama kasi inatosha ni kuhesabu pamoja na aliyepiga, kwa hiyo wakahesabu wote wawili, baba akipotea dada anamrudisha, mama anasikika nyuma huko, hesabu inaendelea. Kuna mahali baba akauliza, "Dada yangu, atapona?" naye akajibu kama alivyofundishwa, "Endelea kuhesabu na mimi kaka, wenzangu wameshakaribia." Dakika tisa. Mlango ukasikika, viatu vikasikika, mtu akasema tupishe baba tumefika, laini ikakatika.

Simu iliyofuata iliingia kabla hajavua hata hedifoni. Mtu anauliza umeme utarudi saa ngapi. Akamjibu kwa adabu kwamba hii ni namba ya dharura, akamwelekeza pa kupiga.

Kwenye skrini tukio la mtoto likabadilika rangi, maana yake limefungwa, na kwa mtu wa kiti kile habari inaishia hapo. Wahudumu walioenda walijua hatima ya mtoto usiku uleule. Yeye aliyehesabu dakika tisa hakujua, na hakuna utaratibu uliomtaka mtu yeyote amwambie.

Hili la kutokujua mwisho mtu wa nje analipuuza sana. Watu wakisikia kazi za dharura wanawaza moto, damu, ving'ora, na hata utafiti kwa miaka mingi ulikuwa hivyohivyo, zimamoto wamepimwa, polisi wamepimwa, wahudumu wa ambulensi wamepimwa, mpokea simu akaonekana kama karani tu. Mwaka 2012 Heather Pierce na Michelle Lilly wa Marekani walitoa utafiti juu ya wapokea simu wa 911, namba ya dharura ya kwao, wakawauliza kuhusu aina mbalimbali za simu mbaya walizowahi kupokea, na ikaonekana karibu asilimia 32 ya aina hizo ziliwaletea hofu kubwa, kuhisi hawana uwezo wowote, au kushtuka vibaya. Walipoulizwa simu iliyo mbaya kuliko zote, iliyotajwa zaidi ya nyingine ni ile ya mtoto kuumia au kufa ghafla. Kwa hiyo dada yetu hapo hajawa mtu wa ajabu wala mlegevu, amekutana na ileile inayowaangusha wenzake kokote waliko.

Na hata kwenye vitabu vya madaktari mlango upo. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, DSM-5, unakubali kwamba mtu anaweza kupata ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, ule wengi wanauita PTSD, kwa kukutana tena na tena na undani wa matukio mabaya kupitia kazi yake, hata kama hakuwepo kwa macho. Tutarudi hapa tukifika kwenye fomu, maana kwenye fomu ndo vituko.

Kikao

Siku mbili baadaye kituo kikaitisha kikao cha kuongelea tukio. Kwenye orodha walikuwepo wahudumu wawili wa ambulensi, zimamoto waliofika kusaidia, na mkuu wao. Dada hakuwemo. Mwenzake mmoja ndo akamwambia mkuu wa zamu, jamani na huyu si alikuwa kwenye simu, akaongezwa dakika za mwisho, tena siku yake ya mapumziko.

Viti vimepangwa duara, msimamizi kaletwa kutoka nje. Kila mmoja aeleze alikuwa wapi, aliona nini, kipi kilimgusa zaidi. Aliyeanza ni mhudumu mmoja, akaeleza vizuri tu, bila kuficha: rangi ya mtoto, nguo aliyovaa, baba alivyokuwa bado kapiga magoti na simu iko sakafuni pembeni, inatoa sauti. Akasema walijaribu njia nzima mpaka hospitali na wakampoteza. Akanyamaza, akapisha anayefuata.

Pale ndo dada alipojua kwamba mtoto amekufa. Mbele ya watu karibu kumi, wengi hajawahi kuwaona sura, anawajua kwa sauti za redio tu.

Na kingine kikatokea ambacho mimi naona ndo kiini cha kisa hiki. Kabla ya kikao alikuwa na sauti peke yake kichwani. Baada ya kikao akawa na picha pia. Ile nguo ya mtoto hakuiona, kasimuliwa, lakini kuanzia usiku huo ndo inamjia akifumba macho, na hiyo simu iliyokuwa sakafuni inatoa sauti, sauti yenyewe ni yake yeye.

Ilipofika zamu yake akasema, "Mimi nilikuwa kwenye simu tu," msimamizi akashukuru, kikao kikaendelea.

Sasa tusimshambulie msimamizi haraka. Vikao vya namna hii vina historia ndefu na nia njema kabisa. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyekuwa kwenye kazi za zimamoto na huduma ya dharura, aliandika mfumo wake wa kikao cha kikundi, uliokuja kuwa na hatua saba na kufanyika kati ya saa 24 na 72 baada ya tukio. Ukasambaa dunia nzima kwa kasi, maana unaeleweka, ni wa bei nafuu, na bosi akishaufanya anaweza kuandika kwenye ripoti kwamba wafanyakazi wamehudumiwa. Hilo la ripoti ni maneno yangu, ila aliyekaa ofisini analijua.

Alafu zikaja tafiti za kupima. Ule unaotajwa sana ni wa Jonathan Bisson na wenzake, 1997, kwa watu walioungua moto: miezi 13 baadaye waliofanyiwa kikao walikuwa na PTSD kwa asilimia 26, wasiofanyiwa asilimia 9. Mwaka 2002 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yakakusanya majaribio ya aina hiyo, yakasema kikao kimoja hakizuii PTSD na wala kisiwe lazima kwa watu waliopata kiwewe. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ukakataa vikao hivi mwaka 2005 na ukarudia kukataa 2018. Shirika la Afya Duniani nalo halishauri.

Wengi wakisoma hapo wanafunga kitabu, vikao ni sumu, basi. Mi nasema polepole. Kwanza wale walioungua waliofanyiwa kikao walikuwa wameungua vibaya zaidi toka mwanzo, kwa hiyo hizo 26 na 9 hazitoki sehemu moja. Pili, majaribio mengi ya Cochrane yalikuwa ya mtu mmoja mmoja, wahanga wenyewe wa ajali, sio kikundi cha wafanyakazi wanaojuana, na watetezi wa Mitchell wamelalamikia hilo miaka yote na kwenye hoja hiyo wana haki yao. Jaribio lililofanyika kwa kikundi cha zimamoto wa kujitolea Australia, la Michelle Tuckey na Jill Scott, 2014, halikukuta kikao kinaleta PTSD na halikukuta kinaizuia pia, ila waliofanyiwa walikunywa pombe kidogo kuliko wenzao na wakajisikia maisha yao yana afadhali. Sampuli ndogo, lakini ndo watu wenyewe tunaowaongelea.

Kwa hiyo kosa la kile kikao kwa maoni yangu halikuwa kukaa duara. Kosa ni kumchanganya mtu aliyesikia na watu walioona, alafu kudai kila mmoja amwage undani wote mbele ya mwenzake, bila kumuuliza kwanza kama anataka kujua. Hata Mitchell mwenyewe aliujenga mfumo wake kwa kikundi cha watu waliopitia jambo moja kwa namna inayofanana. Pale hawakuwa kikundi kimoja. Kulikuwa na kikundi cha eneo la tukio na mtu mmoja wa simu. Na taarifa ya kifo mtu hapewi kikaoni, hilo hata halihitaji utafiti.

Miezi iliyofuata

Hakuanguka. Hii nayo inafaa kusemwa kwa sababu mabosi wengi wanasubiri mtu aanguke ndo waamini. Alichofanya ni kinyume, akaanza kuomba zamu za ziada, mtu akiomba kubadilishiwa usiku yeye anachukua, mkuu wa zamu akawa anamtaja kwa wenzake kama mfano wa moyo wa kazi. Ukweli ni kwamba kazini kulikuwa na afadhali kuliko kitandani. Kwenye kiti simu zinafuatana na kichwa kinakosa nafasi, nyumbani ukimya ndo unaleta hesabu. Akisikia mtu anahesabu chenji kwa sauti anatoka chumbani.

Mwezi wa tatu sauti ile maarufu ikaanza kupanda. Akamfokea mzee aliyekuwa anajizungusha kutaja anwani. Siku nyingine akauliza anwani ileile mara tatu kwenye simu moja, ikarekodiwa kama kosa la ubora. Akachelewa kuingia zamu mara kadhaa. Akapewa barua ya onyo. Soma mpangilio huo tena: mtu aliyekaa miaka saba bila doa anabadilika ndani ya miezi mitatu baada ya simu ya mtoto, na jibu la kwanza la maandishi kutoka kazini ni barua ya kuchelewa.

Wiki iliyofuata akaenda kwa daktari, akarudi na karatasi ya mapumziko imeandikwa maumivu ya mgongo. Mgongo kweli ulikuwa unamuuma, saa 12 kwenye kiti nani hautamuuma, lakini haukuwa ndo uliomtoa kazini na yeye alijua. Akaona mgongo hauna maswali.

Kuhusu kuficha huku kuna takwimu nzuri sana za Australia. Mwaka 2018 taasisi ya afya ya akili ya Beyond Blue ilitoa matokeo ya uchunguzi wake mkubwa wa polisi, zimamoto, ambulensi na waokoaji, walioshiriki ni zaidi ya 21,000, wakiwemo wa kujitolea. Karibu mfanyakazi mmoja kati ya watatu alikuwa na msongo wa juu au wa juu sana, wakati kwa watu wa kawaida ni mmoja kati ya wanane. Lakini sehemu inayonivutia mimi ni ya aibu: wachache mno walisema wanawalaumu wenzao wenye matatizo ya akili, wakati huohuo wengi wakawa wanaficha ya kwao kwa kuamini wenzao watawalaumu. Yaani chumba kizima kila mtu anamwogopa mwenzake ambaye hana shida naye. Ukienda na mabango ya kampeni ya "tuongee" kwenye chumba kama hicho utakuwa unawafundisha watu huruma ambayo tayari wanayo, wasichokuwa nacho ni ushahidi kwamba na wenzao wanayo, na ushahidi huo mtu anauona kwa jinsi aliyemtangulia kuugua alivyotendewa. Barua ya onyo watu waliiona pia.

Mkuu wa zamu

Mkuu wa zamu nimemfikiria sana. Hakuwa mtu mbaya. Ndani ya wiki tano za mapumziko hakupiga simu hata moja, na sababu yake ilikuwa kwamba mtu akiwa mgonjwa hutakiwi kumsumbua, pengine hata sheria inakataza, na zaidi ya hapo aliogopa kusema neno litakalomharibia. Dada upande wake akatafsiri ukimya ule kuwa hawanihitaji.

Hapa ndo kuna utafiti ambao ningependa kila kituo kiujue. Samuel Harvey na timu yake walishirikiana na jeshi la zimamoto la New South Wales, Australia, wakachukua mameneja 128 na kuwagawa kwa bahati nasibu, kundi moja likapata mafunzo ya saa 4 tu, kundi lingine likasubiri. Mafunzo hayakuwageuza kuwa washauri nasaha. Waliambiwa dalili za kawaida ni zipi, wajibu wao unaanzia wapi na unaishia wapi, na zaidi sana walifanyishwa mazoezi ya kuanzisha mazungumzo na mtu wanayemtilia wasiwasi na ya kuendelea kuwasiliana na aliye kwenye likizo ya ugonjwa. Matokeo yakatoka mwaka 2017 kwenye jarida la Lancet Psychiatry: miezi 6 baada ya mafunzo, likizo za ugonjwa zinazotokana na kazi kwa watu walio chini ya mameneja waliofunzwa zilishuka kutoka asilimia 1.56 ya muda wa kazi mpaka 1.28, kwa ambao hawakufunzwa zikapanda kutoka 0.95 mpaka 1.23. Wakapiga hesabu ya pesa, kila pauni 1 iliyowekwa ikarudisha pauni 9.98.

Hiyo 9.98 ndo watu wanaipenda, inawekwa kwenye kila slaidi. Mimi nashauri uangalie hizo nyingine kwa sekunde kidogo. Kundi lililofunzwa lilianza juu likashuka, lisilofunzwa lilianza chini likapanda, mwishoni wote wakaishia karibu palepale, 1.28 na 1.23. Msomaji mwenye mashaka atasema labda makundi yote yalikuwa yanarudi tu kwenye wastani wake wa kawaida, na siwezi kumfukuza mlangoni. Pia kilichopimwa ni siku za kutokuwepo kazini, sio ugonjwa wenyewe, na mtu anaweza akarudi kazini akiwa bado anaumwa vizuri tu. Lakini pamoja na hayo lilikuwa jaribio la bahati nasibu, kazini kwenyewe, kwa watu wa dharura, na mameneja waliofunzwa walionyesha kujiamini zaidi na kuwa na uwezekano mkubwa wa kumtafuta mfanyakazi aliye mgonjwa. Ni mambo machache kwenye fani hii yana ushahidi wa kiwango hicho. Miaka mitano baadaye, 2022, Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa afya ya akili kazini na mafunzo ya mameneja yakawemo, wa huduma za afya na dharura wakitajwa kwa upekee wao.

Rudi kwenye kisa. Kilichobadilisha mambo ni bahati tu, mkuu wa zamu alihamishwa, akaja kaimu. Siku yake ya pili akapiga.

"Habari za leo dada, mimi ndo nimeshika zamu yenu. Sikupigii kukuuliza unarudi lini."

"Nzuri kaka. Asante."

"Mgongo unasemaje?"

"Upo upo."

"Na usingizi?"

Hapo pakawa kimya kirefu, kaimu naye akawa na akili ya kutoujaza. Alafu dada akasema, "Silali kaka. Toka ile simu silali."

Kaimu hakutoa ushauri wowote. Akauliza kama anaruhusiwa kupiga tena Alhamisi, akapiga Alhamisi. Kwenye simu ya tatu ndo wakaongelea kumwona mtaalamu. Huyu mtu hakuwa amesoma saikolojia popote, aliuliza swali la usingizi kwa sababu usingizi ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu bila kuhisi amevuliwa nguo, na mimi hapo namvulia kofia.

Matibabu nitayapitia haraka kwa sababu ndo sehemu ambayo haina ubishi mkubwa. Kwa PTSD, tiba za mazungumzo zinazolenga kiwewe chenyewe zina ushahidi wa kutosha, na kwa watu wa dharura hasa kuna jaribio la Richard Bryant na wenzake, 2019, wahusika 100, tiba ya vikao 12 ambapo sehemu ya kukabiliana na kumbukumbu ilikuwa dakika 40 kwa kundi moja na dakika 10 kwa lingine. Makundi yote mawili yalipata nafuu kuliko waliokuwa wanasubiri, na lile la dakika 10 halikuachwa nyuma. Kwa mtu anayeogopa kwamba tiba ni kukaa saa nzima ndani ya tukio, hii ni habari ya kumpa. Dada alimaliza vikao vyake. Mtaalamu akagundua kwamba picha ya nguo ya mtoto ilikuwa inamtesa kuliko sauti, ambayo kwa kweli ndo aliyoishi nayo.

Kurudi kazini akarudi kwa hatua. Mchana kwanza, usiku baadaye, wiki za mwanzo anakaa na wageni badala ya kupokea peke yake. Na akaomba jambo moja, kaimu akalikubali: mpokea simu akitaka kujua mwisho wa tukio, awe na namba ya kiongozi wa ambulensi ya kumuuliza, na asiyetaka asiambiwe. Wenzake wengine waligoma kabisa kujua, wanasema ukianza kuuliza hutamaliza, nao wana hoja. Ndo maana nasisitiza iwe hiari. Ni utaratibu wa bure kabisa na ulichukua miaka kadhaa ya kituo kuwepo bila mtu kuuwaza.

Fomu

Baada ya haya yote akadai fidia ya gharama za matibabu na mshahara wa siku alizokaa nyumbani. Fomu ya kituo ina kipengele: eleza ulipokuwa eneo la tukio. Akaandika, nilikuwa kwenye simu. Ikarudi na jibu kwamba madai ya kiwewe ni kwa wafanyakazi waliohudhuria tukio.

Unaona sasa. Mwongozo wa madaktari umekubali toka 2013, fomu ya kituo bado. Akakata rufaa akiambatanisha rekodi ya dakika tisa na barua ya mtaalamu, ikachukua miezi mingi, barua za kwenda na kurudi, mara tatu akaulizwa aeleze upya tukio lenyewe kwa maandishi na watu watatu tofauti. Uchunguzi ule wa Beyond Blue uliwauliza waliowahi kudai fidia, na wengi wao walisema mchakato wa madai uliwarudisha nyuma kwenye kupona. Sishangai hata kidogo. Mwisho alilipwa sehemu ya matibabu, siku za nyumbani hakulipwa, kwa sababu karatasi ya daktari ilisema mgongo.

Na hapo ndo niwaambie watafiti wanaotumia kumbukumbu za vituo. Kwa mwaka ule, takwimu za kituo kile kwa wapokea simu zinaonyesha matatizo ya mgongo yameongezeka na ya akili ni sifuri. Ukichukua namba hizo ukaziweka kwenye jedwali utahitimisha kwamba wanahitaji viti bora. Utafiti wa Harvey wa 2016 kwa zimamoto wa Australia ulikuta PTSD asilimia 8 kwa walio kazini na asilimia 18 kwa waliostaafu, na tofauti kama hiyo ina maelezo mengi, uzito wa miaka, kukosa wenzako ukishatoka, lakini moja ninaloliamini ni kwamba aliye kazini ana sababu nzuri ya kutosema na mstaafu hana. Anayetaka kujua hali ya chumba cha simu aanze na walioacha kazi, alafu apitie likizo za mgongo, kichwa na tumbo zilizoanza ndani ya miezi minne ya simu ya mtoto, aone zinavyopangana.

Dada aliomba kumbukumbu yake irekebishwe iandikwe sababu halisi. Akajibiwa kwamba mwaka wa taarifa umeshafungwa, haubadilishwi. Ombi lake lipo kwenye faili lake, limegongwa mhuri wa kupokelewa.